Pikapu ya Zamani Nyumbani: Tafuta Ugonjwa Kwanza, Spea Baadaye

Kuna mwaka nilinunua selfu nzima, ile mota ya kuzungushia injini ili iwake, kwa sababu ya waya mmoja. Pikapu yangu ni Hilux ya kebini moja, injini 3L, ile ya cc 2,779 isiyo na turbo wala kompyuta. Asubuhi moja hapa Mikindani nikapiga selfu, ikafanya "tak" moja, kisha kimya. Nikaenda dukani, nikaambiwa selfu imekufa, nikalipa. Tukaifunga mpya mimi na kijana wa jirani, nikawasha: "tak". Mzee mmoja, dereva wa zamani wa lori la chumvi, alikuwa amekaa barazani muda wote anatutazama. Akasema, "Mjomba, hebu shika ule waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini."

Nikaushika. Kichwa chake kilikuwa kimeota unga wa kijani, na nilipokipinda kidogo nyuzi zikakatika mkononi kama kumbi la nazi lililooza. Tukakata palipokufa, tukapiga msasa, tukafunga upya. Gari likawaka palepale. Ile selfu ya zamani iko stoo mpaka leo, nzima kabisa.

Tangu siku hiyo sinunui kitu kabla sijakipima. Na kwetu kusini kupima kuna faida zaidi, kwa sababu spea nyingi zinatoka Dar, kilomita zaidi ya 500. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika upande wa Kilwa, aliyekuwa na gari juu ya mawe alikaa akingoja kama wengine. Haya ninayoandika yanafaa zaidi pikapu za dizeli za zamani: Hilux za 2L, 3L na 5L, na ndugu zao wa Nissan na Isuzu wenye pampu ya dizeli ya kawaida, isiyoendeshwa na kompyuta. Gari lenye kompyuta lina mambo yake mengine.

Vya kuwa navyo

Spana za 8 mpaka 19, na za boksi za saizi hizohizo. Hilux inataka sana 10, 12, 14 na 17. Koleo, bisibisi, brashi ya waya, msasa, pampu ya grisi. Halafu mita ya umeme, ya bei rahisi inatosha, na taa ya kupimia: balbu ya volti 12 yenye waya mbili, unaweza kuitengeneza mwenyewe.

Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishainuka weka stendi au gogo pana la mti mgumu chini ya chesi, weka mawe kwenye magurudumu yaliyobaki chini, litikise kwa mkono, ndipo uingie. Uwanja wetu ni mchanga, na jeki huzama mchangani taratibu bila kutoa sauti. Weka ubao chini yake. Tofali la saruji usiliamini hata siku moja, likipasuka halikuambii.

Gari haliwaki

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo twende polepole. Swali la kwanza ni moja: je, injini inazunguka?

Haizunguki, au inazunguka kwa kujikongoja. Shida ni umeme, achana na dizeli. Pima betri gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 imeisha. Sasa mtu apige selfu huku unaangalia mita kwenye nguzo za betri. Ikishuka chini ya volti 9.6, betri imechoka au haijachajiwa; ichaji kwanza, pima tena, ndipo uilaumu. Ikibaki juu ya 10 na selfu bado inalegea, betri haina kosa. Umeme unapotea njiani.

Kujua unapotea wapi: mguu mmoja wa mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, wa pili kwenye chuma safi cha injini, piga selfu. Mita inatakiwa ionyeshe karibu na sifuri. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya wa ethi, ule wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini, umeoza au umefungwa juu ya kutu. Upande wa chanya ni hivyohivyo: mguu mmoja nguzo ya chanya, mwingine kwenye nati kubwa ya selfu. Kipimo hiki hakichukui dakika tano, na ndicho kingeniokolea pesa yangu.

Vichwa vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani, vimwagie maji ya moto yenye magadi soda, sugua, kausha, kaza, halafu pakaa grisi au vaselini juu. Upepo wa bahari haupumziki, rudia kila baada ya miezi mitatu. Ukifungua betri anza na hasi, ukifunga malizia na hasi. Sigara weka mbali, betri inayochajiwa inatoa gesi inayolipuka.

Gari likishawaka, pima tena nguzoni. Kati ya 13.8 na 14.4, altaneta, inayochaji betri injini ikizunguka, inafanya kazi. Ikibaki 12 na kitu, angalia mkanda kabla ya altaneta.

Inazunguka vizuri lakini haishiki. Hapo ni dizeli, hewa au joto. Washa swichi bila kupiga selfu, mtu asikilize kwenye pampu ya dizeli: kuna solenoidi ndogo yenye waya mmoja, inatakiwa ilie "tak". Kimya? Tumia taa ya kupimia kuona kama umeme unafika kwenye waya huo. Haufiki, tafuta fyuzi. Unafika na hailii, solenoidi imekufa au waya umechomoka kichwani.

Ikilia, nenda kwenye filta ya dizeli. Juu yake kuna pampu ya mkono. Ibonye. Ikiwa ngumu baada ya kubonya mara chache, dizeli ipo. Ikibaki laini kama puto, kuna hewa inaingia: paipu ya mpira imepasuka, klipu imelegea, au tanki limekauka na mshale wa geji unadanganya. Kagua paipu zote kutoka tankini. Dizeli inaweza isivuje nje lakini hewa ikavutwa ndani. Chini ya filta kuna nati ya kumwagia maji. Weka chupa safi, legeza, bonya pampu, tazama kinachotoka. Maji hukaa chini, dizeli juu, utauona mstari kwa macho. Wanaojaza dizeli ya madumu huko vijijini wafanye hivi kila wiki. Na gari lisilale tanki likiwa tupu. Ukuta wa tanki unatoa jasho usiku.

Ukishatoa hewa kwenye filta na bado haliwaki, legeza kidogo nati za paipu za chuma pale kwenye nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini, piga selfu mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza moja baada ya nyingine. Mkono usiweke mbele ya nozeli inayopuliza. Presha yake inapenya ngozi, na jeraha dogo la namna hiyo ni la kukimbizwa hospitali.

Mwisho plagi za joto. Wengi wanasema huku kwetu kuna joto, hazihitajiki. Si kweli kwa hizi injini za L: dizeli inapulizwa kwenye chumba kidogo cha pembeni, na chumba hicho kikiwa baridi haishiki vizuri hata Mtwara mjini, sembuse Newala asubuhi ya Julai. Dalili ni gari kuwaka kwa shida likiwa baridi na kutoa moshi mweupe, halafu mchana linawaka lenyewe. Fungua kile kipande cha chuma kinachounganisha plagi zote nne, kisha unganisha taa yako ya kupimia kati ya chanya ya betri na kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka, plagi haijakatika. Isipowaka, imekufa. Badilisha zilizokufa, na soma volti iliyoandikwa kwenye plagi kabla ya kununua. Zinafanana sura lakini si zote za volti sawa.

Gari linachemsha

Kama kuna ugonjwa mmoja wa kuogopa kwenye 2L na wenzake ni huu. Hedi ya injini hizi, kile kipande kinachofunika silinda kwa juu, haipendi kuchemka; ikichemka sana mara moja inaweza kupata ufa, na hedi ni bei. Kwa hiyo geji ya joto iwe nzima, ukiona imekufa itengeneze kabla ya redio.

Ikipanda njiani, simama. Usifungue kifuniko cha rejeta. Usimwage maji ya baridi kwenye injini. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika hosi ya juu bila kuunguza mkono, halafu funika kifuniko kwa kitambaa kinene, zungusha robo, acha presha itoke, ndipo ufungue. Washa injini, ongeza maji kidogokidogo.

Nyumbani, gari likiwa baridi, fuata mpangilio huu. Wa bei rahisi unaanza.

Kiwango cha maji kwanza. Kikipungua kila siku na hakuna tone chini, kumbuka hilo, tutarudi. Kisha kifuniko: mpira wake ukiwa umekauka au umepasuka hakishiki presha, na maji yasiyo na presha huchemka mapema. Kifuniko ni rahisi kuliko chochote kwenye orodha hii, na ni kitu cha mwisho watu kufikiria.

Kisha uso wa rejeta. Baada ya safari za shamba unajaa mbegu za nyasi, wadudu na udongo. Puliza maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwa presha ndogo, mapezi yasilale. Kisha mkanda wa feni: ubonye katikati kwa kidole gumba, usilegee zaidi ya sentimita 1 hivi. Kisha feni yenyewe: injini ikiwa imezimwa lakini bado ya moto, isukume kwa mkono. Ikizunguka mizunguko mingi kama pia, kaplingi yake imekufa.

Themostati, kilango kinachofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata joto, ipimwe jikoni. Ifunge kwa uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, washa moto. Inatakiwa ianze kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, yaani maji yakiwa yameanza kutoa mvuke lakini hayajatokota. Maji yakitokota nayo imefunga, tupa. Mke wangu hapendi kipimo hiki, kwa hiyo tafuta sufuria yako.

Na hapa nina ugomvi na mafundi wengi: wanaing'oa themostati na kusema "huku joto, haina kazi". Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ndiyo pia inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi likiwa na mzigo. Funga mpya.

Ukimaliza yote hayo, rudi kwa maji yanayopotea. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi, washa, angalia. Mapovu yasiyokwisha yanayozidi ukikanyaga mafuta, na hosi ya juu inayokuwa ngumu mara baada ya kuwasha, ni pumzi ya silinda inaingia kwenye maji: gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Vuta kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena. Hapo mwite fundi mwenye kipimo cha presha, hii si kazi ya uwanjani.

Maji ya kutia: visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, na chumvi hiyo inakula alumini na kuacha magamba ndani ya rejeta. Tumia maji ya mvua uliyokinga safi, au maji safi ya kuongezea betri (si asidi), nusu kwa nusu na kulanti, yaani dawa ya rejeta. Wenyeji wa Newala na Tandahimba, ambako maji ya mvua yamekingwa kwa vizazi, hapo wametushinda.

Moshi unasemaje

Mweusi: dizeli nyingi kuliko hewa. Anza na filta ya hewa. Itoe, weka tochi ndani. Usipoona mwanga, imeziba. Msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, Juni mpaka Agosti, filta hujaa kuliko unavyodhani. Ipulize kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa safi na moshi mweusi bado upo, ni nozeli au pampu.

Mweupe unaoisha injini ikipata joto ni plagi. Mweupe usioisha, wenye harufu tamu, ni maji. Wa bluu ni oili inaungua, na kama ukifungua kifuniko cha oili injini inapumua kwa nguvu mpaka kifuniko kinaruka, ringi zimechoka. Gari la namna hiyo linaweza kwenda mwaka mwingine ukiongeza oili, lakini anza kuweka akiba.

Oili, filta na mkanda wa taimingi

Oili ya dizeli 15W-40 kila kilomita 5,000, na filta yake kila mara. Mwaga injini ikiwa vuguvugu. Oili mpya ikiwa nyeusi siku ya pili usishtuke, dizeli ndivyo ilivyo. Filta ya dizeli badilisha kila sevisi mbili, mapema zaidi ukinywesha madumu.

Mkanda wa taimingi, unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, usiufanyie mzaha. L zote zinao, na hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni na injini imenoki. Hilux nyingi zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka kilomita hizo zikifika, lakini kama geji ya kilomita ilikufa zamani au gari lilibadilishwa dashibodi, taa hiyo haina ushahidi. Ukinunua pikapu na muuzaji hawezi kukuambia mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Chini ya gari: mzigo na mchanga

Hilux imetengenezwa kubeba tani 1 hivi. Gunia la korosho likiwa na kilo 80, magunia 15 ni kilo 1,200, na bado hujahesabu watu wanne waliokaa juu. Ndiyo maana kila mtu anaongeza jani la springi. Sawa, lakini fahamu jambo moja. Juu ya eksi ya nyuma kuna valvu ya breki yenye fimbo inayopima gari limeshuka kiasi gani. Gari likishuka, inaruhusu breki nyingi nyuma. Ukiongeza majani, gari halishuki, valvu inadhani huna mzigo, na breki za nyuma zinabaki dhaifu. Utalijua hilo ukiwa unateremka kutoka Newala kwenda Masasi, mahali pabaya pa kujifunzia. Aliyeongeza majani amwambie fundi arekebishe fimbo hiyo, na kwenye mteremko shika gia ndogo mapema, usilale kwenye breki.

Pedali ya breki ikiwa laini, kuna hewa au oili ya breki imezeeka. Oili hii inanyonya unyevu, na unyevu tunao; ibadilishe kila miaka miwili. Toa hewa ukianzia gurudumu la mbali na silinda kuu, mtu mmoja anakanyaga, mwingine anafungua na kufunga niple, na mtungi usikauke hata mara moja.

Grisi kila mwezi: krosi za propela, shakeli za springi, kila niple unayoiona. Pampu mpaka grisi ya zamani itoke. Ukipita kwenye maji ya mvua yaliyofika kwenye hab, katikati ya gurudumu, kagua beringi na oili ya difu, yaani ya gia za eksi ya nyuma. Ikiwa kama maziwa, mwaga. U-bolti za springi kaza tena wiki moja baada ya kufungua springi. Hili husahaulika sana.

Klachi inakufa mchangani, Tandahimba ndiyo makaburi yake. Punguza upepo wa matairi mpaka psi 20 kabla hujakwama, na ujaze tena kabla ya lami. Kupima klachi: handibreki kali, gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini ikizima, iko sawa. Ikiendelea kunguruma, inateleza.

Kutu

Chumvi ya mashamba ya Lindi inajulikana kwa kula bodi, lakini salfa nayo si rafiki. Unga wake ukikutana na unyevu kwenye kona za bodi unaozesha bati kimyakimya. Tandika turubai, na ukishusha mzigo osha siku hiyohiyo kwa maji baridi, juu na chini. Elekeza hosi kwenye matundu ya chesi, ndani ndiko kunakooza. Kisha piga chesi kwa nyundo ndogo toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinaitika kama boga. Palipoitika hivyo karibu na hanga za springi, tafuta mtu wa kuchomelea kabla ya safari nyingine, na chomoa betri na altaneta kabla hajawasha mashine yake. Oili chafu pakaa kwenye chuma ukipenda, lakini iepushe na bushi na paipu za mpira.

Mimi kazi zote hizi nazipanga Septemba, kabla ya minada ya korosho kuanza na kabla ya mvua. Wiki ya kwanza umeme na maji, ya pili oili na filta, ya tatu chini ya gari. Nyuma ya kiti nabeba mkanda wa feni, hosi ya juu, filta moja ya dizeli, fyuzi, klipu, lita 5 za maji safi, na kile kipande cha waya wa ethi kilichobaki siku ile, kimesafishwa na kupakwa grisi.